Nani Akae Mbele? Ukuu na Unyenyekevu katika Ukristo wa Turkana

Hadithi ya chimbuko la Waturkana haina mfalme. Ina bibi kizee. Nayece, wanavyosimulia wazee, alitoka kwa Wajie, upande wa Karamoja ya leo nchini Uganda, akashuka bonde la mto Tarach akichuma matunda ya porini. Vijana waliokuwa wakimfuatilia fahali aliyepotea walimkuta huko, mzima na mwenye shibe, akawaonyesha nchi yenye malisho. Wakarudi kuwaita wenzao, wakahamia na mifugo, wakabaki. Mlima wa Moru Anayece umebeba jina la bibi huyo hadi leo, na Tarach ndio mto ule ule unaopita Kakuma.

Jamii inayomkumbuka mchuma matunda kama mama yake haikukosa kujua vyeo. Katika akiriket, karamu ya sadaka ambapo mnyama huchinjwa na kuchomwa porini, wanaume huketi kwa nusu duara na kila mmoja ana mahali pake. Wamegawanyika makundi mawili, Mawe na Chui: baba akiwa Jiwe mwanawe ni Chui, na mjukuu anarudi kuwa Jiwe. Ndani ya kundi, umri ndio unaoamua nani anakaa kati na nani anakaa pembeni, na pia nani anapewa kipande gani cha nyama. Mzee hutembea na kiti chake mwenyewe, ekicholong, kigoda chepesi cha mbao chenye kamba ya ngozi ya kukishikia. Mchana anakikalia. Usiku anakiweka chini ya shingo, na zamani hilo lilikuwa la lazima, maana nywele zilizosilibwa kwa udongo wa rangi hazikupaswa kugusa mchanga. Ukikitazama kigoda kilichotumika miaka mingi utaona mbao imelainika na kung'aa kwa mafuta ya mwili, na katikati pamebonyea kidogo.

Basi Injili ilipofika Turkana, swali la nani mkubwa lilikuwa limekwisha jibiwa. Kile kisa cha Luka, sura ya 14, ambamo Yesu anawatazama wageni wakigombea viti vya mbele karamuni, mzee wa kijiji cha Katilu hahitaji katekista amfafanulie. Aibu ya kuambiwa usogee umpishe mkubwa wako anaijua. Kinachomkwaza ni maneno yanayofuata: kwamba mwenye karamu awaite maskini, viwete na vipofu, watu wasioweza kumwalika nao siku nyingine. Huko mpangilio mzima wa nusu duara unavurugika.

Historia ya Ukristo katika kaunti hii ni fupi, haijafika miaka sabini, na kwa sababu ni fupi inaonyesha wazi jambo ambalo kwingineko limefunikwa na karne nyingi. Kuna unyenyekevu wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kuinama ili umpe mtu kitu: chakula, dawa, maji, shule. Huo kanisa la Turkana limeujua vizuri, na wapo waliokufa nao. Wa pili ni wa kukubali kupewa, kufundishwa, kuachia kiti. Petro hakuwa na shida na ule wa kwanza. Usiku wa karamu ya mwisho, katika Yohana 13, kilichomshinda ni kunyoosha mguu wake uoshwe. Nadhani wengi wetu tuko upande wa Petro.

Kanisa kuu la Lodwar limepewa jina la Mtakatifu Augustino, na sioni mlezi anayefaa zaidi. Alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyeishi mwaka 354 hadi 430. Ujanani alikuwa mwalimu wa ufasaha huko Milano, akiwinda cheo serikalini, na kiburi alikizungumzia kama mtu anayeeleza ugonjwa aliowahi kuugua. Kijana mmoja msomi, Dioscorus, alipomwandikia akitaka msaada wa hoja za wanafalsafa, Augustino alimjibu kwamba njia ya kuifikia kweli ni moja, na alipoitaja ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote zilikuwa unyenyekevu.

Wakati huo kanisa lilikuwa limekwisha panda. Tangu Konstantino alipowapa Wakristo uhuru mwaka 313, maaskofu walianza kuketi mahali pa mahakimu, na waliokwazwa wakakimbilia jangwa la Misri kufuma mikeka na kunyamaza. Benedikto alikuja kuupanga unyenyekevu kama ngazi ya daraja kumi na mbili. Gregori Mkuu, papa wa mwaka 590 hadi 604, alipenda kujiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Waliomfuata walilirithi jina hilo na wakaendelea kulitia sahihi hata katika karne ambazo walikuwa wakiwavika wafalme mataji. Unyenyekevu ukishaingia kwenye kichwa cha barua, umekuwa cheo kama vyeo vingine.

Afrika Mashariki ina orodha yake. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Kwangu mimi aliye mkubwa zaidi ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyewahi kuwa askari kabla ya kubatizwa, aliyekwenda Boga, upande wa Kongo, mwaka 1896. Mtawala wa huko, Tabaro, aliamuru apigwe na afungwe. Apolo alirudi, akaishi na watu wale wale, Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Alipokaribia kufa mwaka 1933 aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu alikokuwa bado hajafika, kinyume cha desturi ya kuelekeza wafu mashariki.

Kisha ukaja uamsho wa Balokole, uliochipuka miaka ya 1930 kati ya Gahini nchini Rwanda na Uganda, kutokana na urafiki wa daktari Mwingereza Joe Church na Simeon Nsibambi wa Kampala. Jipya kwao halikuwa mahubiri. Lilikuwa mmisionari Mzungu kusimama mbele ya Waafrika akakiri dharau yake, akiwataja aliowakosea, huku nao wakimsikiliza kama wanavyomsikiliza ndugu. Hapo unyenyekevu wa aina ya pili ulionekana hadharani, na wakubwa wengi wa misheni hawakuupenda. Kizazi cha baadaye kidogo kilimtoa Maurice Otunga, mwana wa chifu Sudi Namachanja wa Bungoma, ambaye angeweza kukikalia kiti cha baba yake. Akawa padre, akawa kardinali wa kwanza wa Kenya, na alipostaafu mwaka 1997 akaenda kuishi katika nyumba ya wazee fukara inayotunzwa na masista jijini Nairobi, hadi kifo chake mwaka 2003.

Turkana ilikuwa nje ya yote haya. Waingereza waliikuta imeshika silaha, ikiongozwa na mwaguzi Loolel Kokoi na jemadari Ebei, na ili kuivunja walifanya misafara ya kijeshi iliyofikia kilele mwaka 1918 kwa ile iliyoitwa Labur. Mifugo ilitwaliwa kwa maelfu mengi, na kumnyang'anya Mturkana mifugo ni kumnyang'anya chakula, mahari na jina. Baada ya hapo nchi ilifungwa. Kuingia kulihitaji kibali, na misheni hazikuruhusiwa kuweka makao. Serikali iliitumia Turkana kama mahali pa kuwaficha watu isiotaka wasikike, na ndipo Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walipoletwa Lokitaung mwaka 1953. Kenyatta alionekana mzee mno kwa kuvunja mawe, akapewa kazi ya jikoni. Kwa miaka mtu aliyekuja kuwa Rais aliwapikia wafungwa wenzake, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Wahubiri hupenda kukitumia kisa hiki. Mimi sikitumii, maana kupika kwa amri ya askari jela si unyenyekevu, na historia ya alivyotawala baadaye haionyeshi kwamba jiko lilimfundisha kuacha kiti.

Mlango ulifunguliwa na njaa. Mwaka 1961 ukame uliua mifugo, kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka huo zikaleta mafuriko, na serikali iliyokuwa inajiandaa kuondoka ilihitaji watu wa kugawa chakula. Wakaja mapadre wa Mtakatifu Patrick, shirika la Waayalandi lililoanzishwa Kiltegan mwaka 1932. Wakaja watu wa Africa Inland Mission, daktari Dick Anderson akafungua tiba huko Lokori, na kanisa la Africa Inland Church likamtuma Peter Mualuko, mwinjilisti Mkamba, ambaye kwa Waturkana alikuwa mgeni kama Wazungu tu, ila bila pasi ya kurudia Ulaya mambo yakiharibika. Wakaja Wamisionari wa Kitabibu wa Maria, masista walioendesha kliniki za kuhamahama chini ya miti, na mmoja wao akajifunza urubani ili awafikie wagonjwa ambao gari lingewafikia wamekwisha kufa.

Kazi yao haihitaji kupambwa. Hospitali ya misheni ya Kakuma, zahanati, visima, shule za bweni ambako waliosoma ndio walimu, wauguzi na wanasiasa wa leo: sehemu kubwa ya kile ambacho serikali ilipaswa kukijenga kwa miongo mitatu ilijengwa na kanisa. Mwaka 1968 Lodwar ikawa eneo la kimisionari linalojitegemea, na tarehe 30 Januari 1978 ikawa jimbo, John Mahon akiwa askofu wake wa kwanza. Aliongoza hadi mwaka 2000.

Lakini angalia namna ilivyoanza. Katika Luka 10, Yesu anawatuma wanafunzi sabini bila mfuko wala mkoba, wale watakachowekewa na wenyeji wao. Mhubiri anaingia kijijini akiwa mwenye njaa, na nyumba inayompokea ndiyo yenye kitu. Turkana ilikuwa kinyume kabisa. Mhubiri alikuja na lori la mahindi, na msikilizaji alikuwa amekaa kwenye foleni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, wala sioni vipi ingekuwa vingine mwaka 1961 watu wakifa. Hata hivyo mpangilio huo una matokeo yake. Anayegawa gunia ana kiti cha mbele hata akikaa chini mchangani. Anaweza kuvaa ndala, akala ugali mkavu, akalala nje, na bado kila mtu anajua ufunguo wa ghala uko mfuko gani. Kizazi kizima kiliujua Ukristo kama dini inayofika wakati wa njaa, na wapo waliochoka nayo mvua iliponyesha.

Pa kuliona hili vizuri ni Katilu.

Katilu iko Turkana Kusini, kando ya mto Turkwel, chini ya kivuli cha migunga mikubwa ya mtoni isiyofanana na nchi kavu inayoizunguka. Baada ya njaa ya 1961 serikali, kwa msaada wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa na baadaye Norway, iliamua kuwapa makazi watu waliopoteza mifugo hapa na kwingine kando ya mto. Ikachimbwa mifereji, yakapimwa mashamba, kila familia ikapewa kipande cha kulima mtama, mahindi na kunde. Misheni ilikuwa pale pale, na shule, na zahanati. Kwa waliofanya mpango ilikuwa dhahiri kwamba mfugaji maskini angefundishwa kuwa mkulima.

Kilichopita bila kuonekana ni kwamba kilimo kilikuwapo tangu zamani. Wanawake wa Kiturkana walilima mtama kando ya Turkwel na Kerio vizazi vingi kabla ya mtaalamu yeyote kufika. Walisubiri mto ufurike na kupungua, wakapanda katika tope lililobaki, wakaweka uzio wa miiba, wakawaweka watoto kufukuza ndege. Bustani ilikuwa ya mwanamke, inarithiwa na wanawake, na mtama wake ulikuwa wa kukomaa haraka maana mto haukutoa muda mrefu. Mabingwa wa mpango walikuja kufundisha kilimo katika nchi ambayo walimu wake walikuwa wamekaa pembeni, nje ya nusu duara, wakinyonyesha. Na mashamba yalipogawanywa, aliyezungumziwa kuwa mkulima mara nyingi alikuwa mume.

Watu wa Katilu hawakubishana. Walilima, wakavuna, na waliopata ziada wakanunua mbuzi. Mbuzi wakapelekwa kwa ndugu aliyekuwa bado malishoni, kundi likakua, na baadhi ya familia, zilipoona linatosha, zikaondoka shambani. Watafiti waliochunguza miradi hii miaka ya 1980 walieleza kwamba kwa gharama iliyotumika kumpa makazi mfugaji mmoja kwenye mfereji angeweza kurudishiwa kundi zima. Katika ripoti, waliohama walihesabiwa kuwa hasara. Kwa wenyewe ndio waliofaulu: walitumia shamba kurudia ufugaji, kama vile mgonjwa anavyoitumia hospitali ili atoke.

Norway haikuwa na nia mbaya. Barabara ya lami ya kutoka Kitale kwenda Lodwar ni matunda ya fedha zake, na ingawa baadaye iliharibika na kujengwa upya, iliibadilisha Turkana kuliko mahubiri mengi. Lakini ni Norway hiyo hiyo iliyojenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, mahali penye joto la kutisha na umeme wa shida. Ziwa likarudi nyuma, kiwanda kikasimama, na jengo limebaki. Mwaka 1990 Nairobi ilivunja uhusiano wa kibalozi na Oslo kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na wataalamu wakaondoka kwa ghafla. Mwaka uliofuata bwawa la Turkwel lilikamilika huko juu mtoni, mafuriko ambayo bustani za mtama zilitegemea yakawa si yale ya zamani, na mathenge, mti uliopandwa kuzuia jangwa, ukaanza kuziba mashamba na njia za mifugo. Mifereji ya Katilu ilibaki mikononi mwa wakulima wenyewe, wakiizibua kwa jembe na kupangiana zamu za maji.

Wakati wageni wengine walikuwa wakileta majibu, wachache walikuja na daftari. Padre Anthony Barrett, wa shirika lile lile la Kiltegan, alitumia miaka mingi kukaa na wazee na waaguzi akiwauliza juu ya sadaka, kifo, ndoto, na Akuj, jina ambalo Waturkana walimwita Mungu kabla mmisionari yeyote hajalitamka. Akatunga kamusi ya Kiturkana na vitabu juu ya imani za watu hao. Padre aliyekuja kufundisha juu ya sadaka akawa mwanafunzi wa watu wanaochinja sadaka. Sijui wangapi walibatizwa kwa sababu ya kamusi, na si hoja. Hoja ni kwamba kwa muda aliokuwa akiuliza, mwenye elimu alikuwa yule mzee mwenye kigoda, na padre alikaa mahali pa mtoto.

Hapa mwandishi wa historia ana tatizo. Ukitaka kuandika juu ya waliofanya ukuu wa kweli, kumbukumbu zinakupa maaskofu, madaktari na waandishi wa kamusi, kwa kuwa hao ndio walioandika barua. Makatekista hawakuandika. Sehemu kubwa ya Waturkana waliobatizwa waliipokea imani kwa lugha yao kutoka kwa Mturkana mwenzao, mtu aliyesoma madarasa machache, aliyelipwa kidogo sana, aliyeongoza ibada chini ya mti kwa miezi ambayo padre hakufika. Huyo hakuwa na gunia. Alipofika kwenye boma alikaribishwa maziwa kama mgeni mwingine, na kama hakuna maziwa alilala njaa pamoja nao. Kwa maana ya Luka 10, mitume wa Turkana ni hao, na majina yao yako kwenye madaftari ya ubatizo, kwenye safu ya msimamizi.

Mwaka 1992 uliigeuza Kakuma. Walifika vijana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia, wengi wao watoto, na nyuma yao Waethiopia, Wasomali, Wakongo, Warundi. Kambi ya wakimbizi ilikua hadi kupita watu 200,000, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka 2016. Salesiani wa Don Bosco walifungua karakana za ufundi, Walutheri wakashika shughuli za kambi, Wajesuiti wakafuata. Na wakimbizi wenyewe walikuja na makanisa yao. Wadinka walileta hazina ya nyimbo zilizotungwa vitani, nyingi na wanawake na vijana wasio na cheo chochote, mashuhuri zaidi kati yao akiwa Mary Alueel Garang wa Bor. Katika jamii ambayo wazee ndio wenye neno, msichana alitunga wimbo na wazee wakauimba.

Mturkana alijikuta mwenyeji wa mgeni mwenye kadi ya chakula. Mwanamke wa Kakuma aliuza kuni na makaa kambini ili alipwe unga wa msaada, na aliona wazi kwamba mgeni wake ana zahanati na bomba la maji ambavyo yeye hana. Uchungu huo umeleta vita vya mara kwa mara, na vifo. Kwa hiyo sipendi tunaposema kirahisi kwamba Waturkana ni watu wakarimu. Ukarimu wao uliombwa na wakubwa wa Nairobi na Geneva, na ukachukuliwa kana kwamba haukuwa na gharama.

Kutoka vita hivyo hivyo vya Sudan ametoka mtu ambaye ningemweka mbele ya maaskofu wengi, kama angekubali. Paride Taban alikuwa askofu wa Torit. Waasi wa SPLA walipouteka mji huo mwaka 1989 alikataa kukimbia, akawekwa kizuizini na waliojiita wakombozi wake. Baadaye aliongoza baraza la makanisa la maeneo ya waasi, akiwakaripia hadharani wale wale waliomlinda. Mwaka 2004, akiwa bado na miaka ya kuongoza, alijiuzulu uaskofu akaenda Kuron, pembe ya kusini mashariki ya Sudan Kusini ya leo, kuishi kati ya Watoposa na jirani zao wanaoibiana ng'ombe. Watoposa ni ndugu wa Waturkana kwa lugha na kwa chimbuko. Akaanzisha kijiji cha amani chenye shamba, shule na zahanati, na akawa mkazi mmoja wapo. Umoja wa Mataifa ulishiriki kumtuza mwaka 2013 kwa tuzo ya Sergio Vieira de Mello. Alifariki Novemba 2023. Wizi wa mifugo haujaisha Kuron, na yeye hakuwahi kudai umeisha.

Sudan Kusini hiyo hiyo ndiyo iliyompigisha magoti Papa Francis. Tarehe 11 Aprili 2019, mwisho wa mafungo Vatikani, mzee huyo mwenye maumivu ya miguu aliinama akabusu viatu vya Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wenzao. Picha ilizunguka dunia, na kambini Kakuma watu waliiangalia wakijua majina yote yaliyokuwa ndani ya viatu vile. Serikali ya umoja iliundwa Februari 2020. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Juba, na watu wakaanza kukimbia tena. Wapo waliosema Papa alijidhalilisha bure. Nadhani walikosea kipimo: kama angeinama kwa kuwa inafanya kazi, ingekuwa mbinu, na mbinu ya kuinama watawala wanaijua kuliko yeye. Waliokosea zaidi ni waliobusiwa. Walipewa kitu kisichoweza kupokelewa na mtu asiyejua kupokea.

Lodwar, kwa upande wake, imekuwa na maaskofu wanne. Mahon na Patrick Harrington walikuwa Waayalandi. Dominic Kimengich, aliyeongoza tangu 2011 hadi alipohamishiwa Eldoret mwaka 2019, ni mzaliwa wa Baringo; John Mbinda, aliyeteuliwa mwaka 2022, anatoka Machakos. Mturkana bado. Hili linasemwa zaidi mezani kuliko mimbarini, na anayelisema huambiwa kwamba uaskofu ni utumishi, si zamu ya kabila. Ni kweli. Lakini jibu hilo lina ladha yake linapotolewa daima na waliokwisha keti, na mama wa wana wa Zebedayo, aliyewaombea wanawe viti, hakuwa Mturkana.

Kuna jambo jipya zaidi. Machi 2012 mafuta yaligunduliwa Ngamia 1, jirani na Lokichar, Turkana Kusini. Mwaka 2013 kaunti zikaanza, na Turkana, yenye watu 926,976 kwa sensa ya 2019, ikapata mabilioni ya kugawa ambayo haikuwahi kuyaona. Mwenye gunia sasa si padre. Ni mheshimiwa, na anakuja Jumapili. Ibada inasimama, viti vya plastiki vinaletwa mbele, walinzi wanabaki mlangoni, na baada ya baraka anapewa kipaza sauti. Anaacha bahasha ya kwaya, ahadi ya mabati, na watu wameshajua wampigie nani kura. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaeleza tukio hili karibu hatua kwa hatua, pamoja na yule fukara anayeambiwa asimame kule au akae chini karibu na miguu.

Makanisa yamejaribu kujitoa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwakataza wanasiasa mimbari, na maaskofu Wakatoliki wakatoa agizo linalofanana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa fedha ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, zikiwa ni za kwaya na za kujengea nyumba ya padre. Kurudisha pesa ni rahisi zaidi Nairobi. Kanisa la kijijini lenye paa la makuti ya mkoma na watoto wasio na karo linapewa mabati, na anayekataa lazima awaeleze waumini mvua itakaponyesha. Hata hivyo naona wanaolaumiwa si wanaostahili. Katekista aliyeweka kiti mbele alifundishwa na historia yote niliyoieleza kwamba anayeleta kitu ndiye mkubwa, na waliomfundisha walikuwa watu wema.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Wagombea wa Turkana Kusini watafika Katilu mapema zaidi ya hapo, siku ya Jumapili, wakiwa na magari matatu au manne. Wanawake waliotoka kuzibua mfereji watakuwa wamekwisha keti. Mzee wa kanisa atakuwa mlangoni, na itambidi aamue, kabla injini hazijazimwa, wageni hawa wakae wapi.